Mtunga Ratiba na Kitufe Kilichohama

Jumatatu, 5 Januari

Nimeingia ofisini saa mbili kamili na chai yangu na furaha yangu. Kufika saa nne vyote viwili vimepoa.

Miaka kumi na moja natunga ratiba ya shule hii. Walimu thelathini na mbili, madarasa kumi na manane, maabara moja. Hisabati wanaweza kuifundisha wengi. Ratiba naitunga mimi. Programu yake imo kwenye kompyuta ya ofisi ya taaluma, na siri yake ni kitufe kimoja: F7. Unaingiza majina, unabonyeza F7, mashine inaunguruma dakika nne, ratiba inatoka. Hakuna mwingine anayejua. Nikibonyeza huwa naikinga kibodi kwa mkono wa kushoto.

Ndiyo maana wananiita Bwana Vipindi. Ndiyo maana Mwalimu wa Kemia hunibebea mkoba kila muhula ukikaribia.

Leo nimewasha. Programu yangu siioni! Mahali pake pana kitu cheupe, kitupu kama ukuta wa wodi. Menyu zote zimeondoka. Palipokuwa na neno "Faili" pana mistari mitatu midogo imelaliana. Palipokuwa na alama ya kuhifadhi pana wingu. Wingu! Juu kabisa wameandika: "Karibu! Tumesasisha programu yako ili kukurahisishia kazi."

Nani aliwaomba warahisishe? Ugumu ndio cheo changu!

Mwaka mzima uliopita programu ilikuwa inaniuliza: Sasisha sasa, au Nikumbushe kesho? Kila siku nikajibu Nikumbushe kesho. Nilidhani tumeelewana. Kumbe likizoni, mimi sipo, ikajisasisha yenyewe. Mgeni kapiga hodi mwaka mzima, siku umetoka kidogo anaingia na kuhamisha vitanda.

Mkuu wa Shule alichungulia mlangoni. Akauliza kama ratiba itakuwa tayari Ijumaa, maana tunafungua Jumatatu ijayo. Nikamwambia Jumatano. Sijui kwa nini nilisema Jumatano. Ulimi hauna mfupa.

Jumanne, 6 Januari

Nimejipa moyo. Menyu zinaweza kuhama, lakini kitufe ni plastiki, kitahamia wapi?

Nimeingiza walimu wote thelathini na mbili na masomo yao. Saa tatu nzima! Kila kitu nakitafuta kilipokuwa, nakikuta pasipo na akili. Nikakunja mikono ya shati. Nikabonyeza F7.

Kioo kikauliza: Una uhakika?

Miaka kumi na moja programu ile haijawahi kunihoji. Nikabonyeza Ndiyo bila kusoma yaliyofuata. Walimu wote wakatoweka. Thelathini na mbili, mara moja, hata matanga hakuna! F7 ya siku hizi maana yake ni "Futa yote uanze upya". Ile ya kutunga wameihamishia wanakojua wao. Ni sawa na kumwaga dawa ya kikohozi, ukajaza mafuta ya taa, na lebo ukaiacha ileile.

Mke wangu ni muuguzi, mtu wa maelekezo. Ameniuliza kama hakuna maelezo yoyote. Nimemwambia yalikuwepo. Jana kilijitokeza kisanduku: "Je, ungependa kutembezwa uone mapya?" Nikakifunga. Mimi nitembezwe ndani ya nyumba yangu? Akasema basi kesho kikitokea nikubali. Hakitokei mara ya pili. Nimekitafuta kutwa.

Mchana alikuja Dira. Dira ni mwalimu wa Jiografia. Hilo jina nimempa mimi, halikushika, nalitumia humu tu. Mwanamke mpole, sauti ya chini, kila kitu anakisoma mpaka mwisho, hata kile kikaratasi kinachokuja na betri. Akaomba, kama anavyoomba kila muhula, asipangiwe kipindi cha mwisho Jumanne na Alhamisi. Kipindi hicho kinaisha saa tisa na nusu. Baba yake anasafishwa figo siku hizo, na hospitali wanamtaka saa tisa. Anayempeleka ni jirani, jirani akipata nafasi.

Nikamjibu, kama ninavyomjibu kila muhula, kwamba mimi ningependa sana, ila programu inakataa.

Si uongo kabisa. Inakataa kwa sababu nimeiambia ikatae. Miaka mitatu iliyopita, mbele ya kikao cha walimu wote, nilikuwa ubaoni nahesabu viti. Nikaandika saba mara nane ni hamsini na nne. Dira akanyoosha mkono akanisahihisha. Mimi, mwalimu wa Hisabati! Angeshindwa nini kuninong'oneza?

Akashukuru, akaenda zake. Hilo nalo linaniudhi. Anashukuru!

Jumatano, 7 Januari

Walimu wote nimewaingiza upya, lakini ratiba hakuna. Nimemweleza Mkuu kwamba niliposema Jumatano nilimaanisha kuanzia Jumatano.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anatengeneza simu kwenye kibanda sokoni. Nimempigia kwa siri kutoka chooni. Akasema kompyuta ni mtumwa wa tarehe. Ukiirudisha tarehe nyuma, huenda ikarudi na mambo ya wakati ule. Alisema "huenda" mara mbili. Mimi nilisikia "lazima".

Saa nne nimerudisha tarehe ya kompyuta miaka miwili nyuma. Nikafungua programu. Nyeupe vilevile, wingu lilelile, sasa na ujumbe mwekundu: saa yangu haiendani na dunia. Nimeifunga kwa hasira nikaenda kunywa maji. Tarehe nikaisahau hukohuko nyuma.

Sasa, karani wa shule anatumia kompyuta hiyohiyo kuchapa barua za wazazi. Kidato cha kila mtoto mashine hukipata yenyewe kwa kuhesabu mwaka. Saa tano akachapa barua mia tatu na kumi. Saa sita akazigawa kwa wazazi waliofika. Saa saba mama mmoja kasimama mlangoni, barua mkononi. Binti yake anaingia kidato cha tatu. Barua inamkaribisha kidato cha kwanza.

"Mwanangu amekosa nini?" akauliza. "Kama ni ule utoro wa mwaka juzi, Mwalimu, si alishaadhibiwa?"

Nikamwambia atulie, tunalishughulikia. Nyuma yake foleni. Baba mmoja, ambaye wa kwake anaingia kidato cha pili, barua yake ilisema kidato cha 0. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alitaka tu kujua sare yake ni ya rangi gani.

Karani amelia. Nimemwambia ni virusi. Nimemwambia kwa upole.

Alhamisi, 8 Januari

Wazo! Stoo kuna kompyuta ya zamani, imekaa chini ya viti vilivyovunjika. Ndani yake programu yangu, ya kale, haijaguswa.

Saa saba, watu wakila, nimeibeba nikiwa nimeifunika pazia la ukumbini. Mwalimu wa Kemia akanikuta kwenye ngazi, akauliza nimebeba nini. Nikasema tufe la dunia. Akasema mbona lina pembe. Nikasema la kisasa. Akanishikia mlango, Mungu ambariki.

Nimewasha. Jamani! Menyu zangu! Faili, Hariri, Zana, zote zimepanga mstari kama watoto wa asubuhi. Majina ya mwaka jana yamo vilevile. Nikabadilisha walimu watatu tu waliohama. Machozi yalinilenga, sioni aibu kuandika. Nikachomeka waya wa mtandao ili ipate printa. Nikainua kidole juu ya F7.

"Sasisho jipya limepatikana. Tunakuandalia. Asilimia 1. Tafadhali usizime."

Nikaanza kubonyeza kila kitu. Asilimia 9. Nikaibembeleza. Asilimia 20. Nikaitukana. Asilimia 34, nikachomoa waya wa umeme kwa nguvu zangu zote. Sasa si ya zamani wala si mpya. Ni giza, na kijialama kimoja kinachokonyeza.

Haya. Walimu wa zamani walitunga ratiba kwa nini? Kwa kichwa! Nimetandika karatasi ya manila sakafuni. Siku tano, vipindi vinane, madarasa kumi na manane: visanduku mia saba na ishirini. Nimevijaza vyote kwa saa tatu, nikitambaa kwa magoti. Kisha nimevichapa kwenye jedwali, nikalipaka rangi, lionekane la mashine. Saa kumi na moja na nusu limekaa mezani kwa Mkuu.

Magoti yananiuma, lakini nani kama mimi?

Ijumaa, 9 Januari

Sitaki kuandika. Naandika.

Kikao cha walimu wote, ukumbini, saa tatu. Mkuu kashika jedwali langu. Akasema amelisoma lote. Jumatatu kipindi cha pili madarasa matatu yamo maabara kwa pamoja. Michezo ya kidato cha nne inafanyika maktaba. Na yeye mwenyewe, siku ya Jumatano yenye vipindi vinane, amepangiwa tisa. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akaomba niwashe projekta nioneshe ratiba kutoka kwenye programu yenyewe.

Nilikuwa na hotuba fupi kuhusu virusi. Nikaianza. Mkuu akasema atafurahi kuviona hivyo virusi.

Nikawasha. Ukuta mzima ukawa mweupe. Nikasogeza kipanya kulia. Nikakisogeza kushoto. Jasho likanishuka mpaka kwenye soksi.

"Bwana Vipindi, bonyeza F7!" akapaza sauti Mwalimu wa Kemia.

Nikamuuliza F7 ameijuaje.

"Si tunakuona siku zote? Unakinga kwa mkono wa kushoto, kidole cha kulia kipo nje."

Wanaijua wote! Tangu lini? Ukumbi wote ulikuwa unacheka.

Ndipo Dira, kiti cha mbele, akasema taratibu, "Mwalimu, bonyeza penye ile mistari mitatu." Nikabonyeza. Orodha ikashuka. "Sasa hapo penye Masharti."

Zamani masharti nilikuwa nayafungia ndani, nyuma ya menyu sita, hata F7 ya Jumanne haikuyafikia. Hawa watengenezaji wasio na haya wameyatoa yote, wameyaanika kwenye jedwali moja, herufi kubwa, na safu mbili zaidi: Aliyeweka, na Sababu. Sababu! Zile nukuu nilizokuwa najiandikia mwenyewe, kwenye kijisanduku nilichodhani hakiendi popote!

Ukutani, urefu wa mtu na nusu:

Hisabati: hana kipindi Ijumaa baada ya mapumziko. Aliyeweka: mtunga ratiba. Sababu: napenda.

Kemia: kipindi cha kwanza Jumatatu, lazima. Aliyeweka: mtunga ratiba. Sababu: alikataa kunisogezea kiti.

Jiografia: kipindi cha mwisho Jumanne na Alhamisi, lazima. Aliyeweka: mtunga ratiba. Sababu: 56.

Kicheko kikakatika. Mwalimu wa Kemia akasimama. Akasema mkoba wangu ameubeba miaka minne. Akakaa.

Dira alisoma. Kama kawaida yake, mpaka mwisho. Wengine hawakuielewa ile 56. Yeye nilimwona anaielewa.

"Kumbe programu haikuwahi kukataa," akasema.

Hakuniambia mimi. Aliuambia ukuta.

Kisha akamwomba Mkuu ruhusa ya kukaa kwenye kompyuta. Akafuta masharti yangu, moja baada ya jingine, bila pupa. Akabonyeza kitufe cha buluu, kikubwa kama sahani, kilichoandikwa "Tunga". Kilikuwepo pale tangu Jumatatu! Nilidhani ni tangazo.

Dakika moja na nusu. Ratiba ikatoka.

Jumamosi, 10 Januari

Nimemsimulia mke wangu jinsi kompyuta ilivyoniumbua. Akaendelea kukunja nguo. Akasema, "Baba watoto, kompyuta imesoma tu ulichoandika." Halafu akaniuliza yule mzee wa figo huwa anapelekwa na nani jirani akiumwa. Nikasema sijui. Akasema nivae viatu niende kuomba radhi.

Njiani nimetunga hotuba yenye sehemu tatu: kukiri, kusikitika, kuahidi. Nzuri sana. Nimeirudia mara nne.

Mlango umefunguliwa na baba mwenyewe. Mzee mwembamba, mkono mmoja umefungwa bendeji. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akauliza mimi nani. Nikasema mwalimu wa ratiba, shuleni kwa binti yake.

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Mikono ya baridi.

"Ndiye wewe! Binti yangu ananisimulia. Miaka mitatu unahangaika na hiyo mashine kwa ajili yangu, nayo inakataa. Pole sana, mwanangu."

Hotuba yangu ilikuwa na sehemu tatu. Hakuna hata moja iliyofaa hapo. Nilifungua mdomo nikiri. Wallahi nilikusudia kukiri. Kilichotoka ni hiki: "Hatimaye nimeishinda, mzee."

Akanibariki! Akaniombea watoto wangu! Akanikalisha kiti chenye mto!

Dira katoka jikoni na chai. Kasikia yote, jikoni penyewe ni hatua tatu. Nikangoja aseme. Akaweka kikombe mbele yangu, akamtengenezea baba yake shuka magotini.

"Kunywa, Mwalimu, kabla haijapoa," akasema. "Baba, Jumanne nakupeleka mimi."

Mzee akauliza na Alhamisi. Akamwambia na Alhamisi. Mzee akageuza uso upande wa dirisha.

Sikuwa na pa kutazama. Nikatazama kikombe. Aliponisindikiza mlangoni nilitaka kusema kitu cha maana, nikasema, "Hamsini na sita."

"Ndiyo," akasema. "Hamsini na sita." Akafunga mlango, si kwa nguvu.

Nimemwambia mke wangu nimeomba radhi. Kwa namna fulani nimeomba.

Jumatatu, 12 Januari

Shule imefunguliwa. Hakuna waliogongana. Hakuna aliyekimbilia maabara. Kengele inalia, watu wanaingia mahali pao, kama nchi ya wageni. Siku nzima hakuna aliyenijia na ombi. Nimekula peke yangu.

Mtunga ratiba sasa ni Dira. Kabla hata ya mapumziko kaandika maelekezo ya programu kwenye ukurasa mmoja, kaubandika ukutani, yeyote ajifunze. Yeyote! Mtu anapewa ufalme anauvunja lango asubuhi ya kwanza.

Mimi Ijumaa kipindi cha mwisho nina kidato cha pili B. Arobaini na sita wenye njaa na usingizi, na kugawanya kwa sehemu.

Mkuu kaniita. Kasema hataki kunitupa, nina miaka mingi hapa. Imekuja mashine mpya ya kudurufu, nitaisimamia mimi. Akanionesha. "Ina kitufe kimoja, cha kijani," akasema. "Mtu anaweka karatasi, anabonyeza, anachukua nakala. Hapo hakuna siri, Mwalimu."

Nimeshukuru kwa unyenyekevu. Nimejifunza mengi wiki hii. Yaliyopita si ndwele.

Jumatano, 14 Januari

Mkuu kakosea. Ipo siri!

Nilikuwa nafuta vumbi nyuma ya mashine, nikagusa pembeni, kikafunguka kimenyu kidogo: "Weka neno la siri." Sasa hapo mtu mwenye nia njema afanye nini? Karatasi zinapotea ovyo. Kila mtu anabonyeza anavyotaka. Lazima awepo mtu mmoja wa kuwajibika.

Nimeweka. Herufi kumi na nne, kubwa na ndogo zimechanganyika, hata shemeji hawezi kulikisia. Mashine ikanishauri niliandike mahali salama. Nikaliandika kwenye kikaratasi, nikakitazama, nikaona hakuna mahali salama kuliko kichwa changu. Nikakitafuna.

Kesho asubuhi ni mitihani ya majaribio ya vidato vyote. Nakala elfu mbili, na zote zitapitia kwangu. Nimewaona walimu kadhaa mchana wananisalimia kwa heshima mpya, ingawa bado hawajui sababu. Mwalimu wa Kemia kaniuliza kama nimelala vizuri.

Nimevaa tai tangu sasa. Nimelirudia neno kimoyomoyo, ili kujihakikishia tu, nikihesabu kwa vidole.

Nakumbuka herufi kumi na tatu.